Kutoka HKL hadi tiba ya usemi Marekani: njia niliyopita na unavyoweza kuipita

Swali huja usiku, saa ambazo wengi wetu tuko kwenye shifti na simu ndiyo kampani. "Dada, nasikia umesomea udaktari wa kuongea. Mimi nina digrii yangu ya Kiswahili ya nyumbani, inaozea kabatini. Naanzia wapi?" Nimelijibu kwa vipande vya sauti vya dakika saba saba mpaka sauti yenyewe ikataka tiba. Leo naliandika.

Tuanze na jina: si udaktari. Mtaalamu wa tiba ya usemi hushughulika na mtu ambaye usemi, lugha, sauti au umezaji wake una hitilafu. Ni mtoto wa miaka mitatu asiyeunga maneno mawili, kijana mwenye kigugumizi, mzee wa kiharusi anayelijua jina la mkewe lakini halimtoki, mgonjwa anayepaliwa kila akinywa maji. Hapa Marekani leseni kamili inataka shahada ya uzamili. Ukiwa na shahada ya kwanza ya fani hii, majimbo mengi yatakuruhusu uwe msaidizi tu. Habari njema ni kwamba uzamili wenyewe haudai uwe umeanza na fani hii. Mimi ni mtu wa Tanga, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) tangu kidato cha tano, na nilifundisha Kiswahili sekondari miaka sita kabla mume wangu hajashinda bahati nasibu ya Green Card tukatua Louisville, Kentucky, mwaka 2014.

Nilibeba boksi kama wenzangu, kisha nikapata cheti cha usaidizi wa wauguzi nikaingia nyumba ya wazee. Asubuhi moja, shifti ikielekea kwisha, nilikuwa chumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa akikohoa kila akigusa kikombe cha kahawa. Akaingia mama mmoja na bomba la sindano la mililita 10. Alikuwa amekoroga maji kwa unga wa kuyazitisha. Akaziba ncha ya bomba kwa kidole, akajaza mpaka alama ya 10, akaachia kidole na kuhesabu sekunde kumi kwa saa yake, akaziba tena. Zilibaki mililita sita. "Daraja la pili," akasema. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule mama ni mtaalamu wa tiba ya usemi, kwamba kile ni kipimo cha IDDSI, mfumo wa kupanga vinywaji na vyakula kwa madaraja kuanzia 0 hadi 7, na kwamba kikibaki kati ya mililita 4 na 8 kinywaji ni cha daraja la 2. Mama yangu hufanya kipimo hicho hicho kwa mwiko, anapotazama uji unavyodondoka. Kisha yule mama akamwekea bibi vidole vyepesi kwenye koo, akampa kijiko, akasubiri koromeo lipande na kushuka. Bibi akameza. Hakukohoa.

Niliyajua yale maneno yote. Koromeo, kaakaa laini, nyuzi sauti: ni ala za sauti, mada niliyoifundisha na mchoro wa kichwa kilichokatwa nusu ubaoni. Sikujua tu kwamba kuna mtu analipwa kwa kuzigusa.

Kozi za kujazia

Kwa kuwa shahada yako si ya fani hii, vyuo vitataka kwanza usome msingi wake: fonetiki, anatomia na fiziolojia ya usemi na usikivu, ukuaji wa lugha ya mtoto, utangulizi wa odiolojia (elimu ya usikivu), na mara nyingi kozi ya ubongo na mawasiliano. Idadi hutofautiana chuo hadi chuo, kwa hiyo chagua kwanza vyuo vitano unavyovitamani, chukua orodha ya kila kimoja, uzilinganishe ndipo ulipe. Kuna wanaozifundisha kwa mtandao. Utah State University ni mmojawapo ambao watu wa zamu za usiku wanaujua sana.

Mbali na hizo, ASHA, chama cha taaluma hii kilichoanzishwa mwaka 1925 na ndicho kinachotoa CCC-SLP, cheti cha umahiri wa kazi hii, kinataka masomo manne ya jumla: baiolojia, takwimu, sayansi ya jamii, na ama fizikia ama kemia. Mtu wa HKL akisikia fizikia hutafuta mlango wa kutokea. Usitoke. Nilisoma ile ya utangulizi komyuniti koleji, jioni, kwa ada ambayo chuo kikuu kingenicheka. Takwimu nilisoma hapo hapo. Saikolojia ya elimu niliyosoma kwenye ualimu nyumbani ikakubaliwa kuwa sayansi ya jamii, lakini niliomba jibu hilo kwa maandishi na wewe fanya hivyo.

Kozi iliyonipa raha ni fonetiki. Wenzangu wanahangaika na alama, mimi naona vipasuo, vikwamizo, nazali, kitambaza na kimadende vilevile nilivyoviandika ubaoni Tanga. Na kabla ya hapo kuna madrasa. Ustadhi wetu hakukubali uitamke thaa kama sini. Alikutaka utoe ncha ya ulimi kati ya meno mpaka aione. Miaka thelathini baadaye namfundisha mtoto wa Kentucky sauti hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo, nikiwa na kioo badala ya fimbo.

Transkripti: agiza wiki hii

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza mwaka mzima. Nyumbani A inaanzia 70. Hapa 70 ni C. GPA yetu ni ya 5, yao ni ya 4. Ukiandika 3.7 yako kwenye fomu bila maelezo, kuna atakayedhani wewe ni hodari kupindukia, halafu tathmini ikija anakuona mwongo. Tumia shirika la tathmini ya vyeti vya nje kama WES, na agiza ripoti ya kozi kwa kozi. Ile ya muhtasari haitakusaidia kitu.

Shirika litataka transkripti itoke chuoni kwako moja kwa moja. Yangu ilichukua miezi mitano. Mdogo wangu alikwenda masjala mara nne: mara ya kwanza muhuri hayupo, mara ya pili mwenye muhuri hayupo, mara ya tatu ada ya posta imepanda, mara ya nne bahasha imeshatoka lakini haijulikani na nani. Kwa hiyo mtume ndugu mwenye subira, na mlipie nauli.

Maombi, na namna nilivyokataliwa kote

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia tovuti moja iitwayo CSDCAS, na milango hufungwa kati ya Desemba na Februari kwa masomo yanayoanza msimu unaofuata wa joto au vuli. Kutafuta vyuo, tumia EdFind ya ASHA. Hakikisha kila programu imeidhinishwa na CAA, baraza la ithibati; bila ithibati hiyo, shahada yako haitakufikisha kwenye cheti hata ungesoma wapi. Kila programu yenye ithibati inalazimika kutangaza takwimu tatu kwenye tovuti yake: wangapi wamemaliza kwa wakati, wangapi wamefaulu mtihani wa taaluma uitwao Praxis, na wangapi wamepata kazi. Zisome hizo kabla hujatazama picha za wanafunzi wakicheka chini ya miti.

Mwaka wa kwanza niliomba vyuo vitano. Vyote vitano vilinikataa. Barua yangu ya maelezo ilianza na "tangu utotoni napenda kusaidia watu," na nadhani nusu ya waombaji wote wa nchi hii huanza hivyo. Mwaka wa pili niliandika habari ya bomba la sindano na mililita sita. Nikaeleza kwamba nimefundisha ala za sauti miaka sita, kwamba ninazungumza lugha ambayo shule za Louisville zinaihitaji na wataalamu wake ni wa kutafuta kwa tochi. Safari hii niliitwa kwenye usaili mara tatu, nikapokelewa kimoja na kuwekwa orodha ya kusubiri kingine. Tofauti kubwa ilikuwa barua, na kwamba nilikuwa na A za kozi za kujazia, alama za hapa hapa wanazozielewa. Barua za mapendekezo pia: mbili zitoke kwa walimu wa kozi hizo, si kwa mkuu wa shule uliyemwacha nyumbani miaka minane iliyopita, hata kama anakupenda.

Kwenye usaili mmoja niliulizwa, kwa tabasamu, kama lafudhi yangu haitawachanganya watoto. Jiandae na swali hilo. Jibu lake si kukasirika, ingawa nilikasirika nikiwa kwenye basi la kurudi. Msimamo rasmi wa ASHA, ulioandikwa tangu 1998, ni kwamba lafudhi peke yake si sababu ya kumzuia mtu kusomea au kufanya kazi hii. Kinachotakiwa ni uwezo wa kutambua hitilafu na kuionyesha sauti lengwa. Nikawaambia naweza kutoa thaa na dhaal kuliko wengi waliozaliwa hapa, na nikazitoa. Nilichokuwa bado nakihangaikia, na sikukificha, ni r yao. Yetu ni kimadende, ulimi unapiga ufizi. Yao ulimi hujikunja au hujikusanya katikati ya kinywa bila kugusa popote mbele. Niliifanyia mazoezi miezi, na kioo na tochi ya simu, mume wangu akidhani nina jino bovu.

Pesa, kwa ufupi maana inauma

Mwenye Green Card anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, na kupata mkopo wake. Mkopo wa kawaida wa mwanafunzi wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka, na ule wa ziada, Grad PLUS, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Piga hesabu na hilo kichwani. Ada ya mkazi wa jimbo katika chuo cha umma inaweza kuwa pungufu sana kuliko ya chuo binafsi, na cheti cha mwisho ni kilekile. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza nilisoma wapi. Ulizia pia kazi za usaidizi idarani zinazopunguza ada. Anayekuja kwa viza ya F-1 hana FAFSA, ila akihitimu anaweza kuomba kibali cha kazi cha miezi 12, ambacho kinatosha mwaka wa uangalizi nitakaoueleza. Masharti ya viza kwa Watanzania yamekuwa yakibadilika, kwa hiyo uliza ubalozini kabla hujalipa hata ada ya maombi.

Mliopo Uingereza, njia yenu ni nyingine: uzamili wa miaka miwili unaotambuliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Aliyesomea nje ya Uingereza na Kiingereza si lugha yake ya kwanza hutakiwa na HCPC alama 8.0 za IELTS, mtihani wa Kiingereza, bila kipengele kushuka chini ya 7.5, juu kuliko wanavyodai kwa wataalamu wengine wa afya wanaowasajili.

Saa 400

Uzamili wangu ulikuwa wa miaka miwili, 2021 hadi 2023. Madarasa hayaui mtu. Kinachochosha ni saa. Unatakiwa kukusanya saa 400 za kliniki: 25 za kutazama wengine wakifanya kazi, na 375 za wewe mwenyewe na mgonjwa, ambazo nyingi lazima zipatikane ndani ya uzamili. Zinagusa watoto na watu wazima, na maeneo tisa ambayo utayaota usiku: matamshi, kigugumizi, sauti, lugha, usikivu, umezaji, utambuzi, mawasiliano ya kijamii, na mawasiliano kwa vifaa vya kumsaidia asiyeweza kusema. Kipindi cha dakika 45 ni saa 0.75. Mgonjwa asipotokea ni sifuri, hata kama umeendesha gari maili thelathini na umekata picha za kufundishia mpaka saa sita usiku. Chuo chetu kilizirekodi kwenye programu iitwayo CALIPSO, na msimamizi lazima azithibitishe. Ziingize siku hiyo hiyo. Mwenzangu alisubiri mwisho wa muhula, msimamizi akawa amehama jimbo.

Hospitali utaona eksirei ya video ya mtu akimeza chakula chenye bariamu, na utaelewa kupaliwa ni nini hasa unapouona ule weusi ukiteleza kwenda njia ya hewa na mgonjwa hata hakohoi. Lakini kilichonifundisha zaidi kilitokea shule ya msingi.

Mvulana, nimembadilisha umri, niseme miaka saba. Wazazi wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo, yeye kazaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mwalimu alimleta kwa kuwa "hatamki vizuri." Akaonyeshwa picha. Samaki: "fishi." Kikombe: "kapu." Bafu, ambayo Kiingereza ni "bath": "basi." Alama zikaanguka chini kabisa. Msimamizi wangu, mtu mzuri na mwadilifu, akaanza kujaza fomu.

Nikamwomba dakika kumi. Nikamweleza kwamba silabi ya Kiswahili huishia kwa vokali, kwa hiyo mtoto anayeazima neno la Kiingereza analivalisha vokali mwishoni kama sote tulivyofanya kwa basi na benki. Hiyo ni tofauti ya lugha, si hitilafu. Shida ya kweli huonekana katika lugha zote mbili. Na IDEA, sheria yao ya elimu ya wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe kwa lugha itakayotoa taarifa sahihi. Sasa usichukue jaribio la Kiingereza ukalitafsiri na kutumia alama zake. Zilipatikana kwa watoto wa Kiingereza na hazimhusu. Mwache mtoto asimulie.

Nikampa kitabu cha picha kisicho na maneno. Akaanza: "Kiti imevunjika, mutoto ameanguka." Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikahisi kalamu nyekundu ikinikuna kiganja. Kimevunjika! Ngeli ya KI-VI! Nikaandika pembeni: upatanisho wa kisarufi, shida.

Mama yake alikuwa ameketi karibu. Nikamuuliza kwa heshima kama nyumbani kijana anasema vizuri. "Eh mama, huyu njo anasemaka mingi kupita bandugu yake." Nikataja kile kiti. Akacheka. "Kwetu tunasemaka vile." Na kweli: Kiswahili cha kwao hakibebi ngeli zote za kitabu changu cha kidato cha pili. Nilikuwa nimetoka kumlaumu msimamizi kwa kumpima mtoto kwa Kiingereza, nami nikampima kwa Kiswahili cha Tanga. Nikafuta. Mtoto hakuwa na hitilafu. Alihitaji mwalimu wa Kiingereza, akapewa. Tangu hapo, kabla ya kumpima yeyote, ninamuuliza mzazi maswali mawili: kwenu neno hili mnalisemaje, na huyu anatofautianaje na ndugu zake walipokuwa na umri wake? La pili linanipa zaidi kuliko jaribio lolote la kununua.

Jifunze pia kuuliza bila kuhukumu kama mtoto amekatwa kimeo au utando wa chini ya ulimi. Mama zetu wengi wamepitia huko kwa sababu mtoto amechelewa kusema, na wakihisi utawasema hawatakuambia.

Praxis, na wiki 36

Mtihani wa Praxis wa fani hii alama ya kufaulu ni 162 kwenye mizani ya 100 hadi 200. Nilisoma miezi miwili, maswali ya kuchagua jibu, nikafanya mazoezi kwa kutumia saa kwa sababu Kiingereza chetu kinasoma polepole kuliko tunavyokiri. Wenye asili ya HKL: odiolojia na takwimu za utafiti ndizo zitakazokuangusha, si fonetiki.

Ukishahitimu bado hujamaliza. Kuna kipindi cha uangalizi cha wiki angalau 36 za kazi ya kutwa, jumla saa 1,260, unalipwa mshahara lakini kuna mtaalamu mwenye cheti anayekutazama na kukupima. Mchague yeye kabla ya kuchagua mshahara. Kwenye usaili wa kazi uliza: ni nani, yuko jengo hili au mji mwingine, na ana muda wa kuja kunitazama kwa macho yake? Nilikataa kazi iliyolipa vizuri kwa sababu mtu huyo alikuwa "atateuliwa baadaye."

Na katika majimbo mengi hata kipindi hicho kinadai leseni ya muda kabla hujamgusa mgonjwa wa kwanza. Omba mara tu chuo kitakapothibitisha umemaliza, siyo baada ya mahafali na picha. Mimi nilikaa nyumbani wiki tatu na mkataba mkononi, mshahara hauingii, kwa sababu fomu yangu ilirudishwa: saini moja ilitakiwa upande wa pili wa karatasi, na sikuwa nimeigeuza.